Kokteli ya embe na nanasi ya kugandisha kwa wageni wa Krismasi: vipimo gani isiwe jiwe wala maji?

Mama Ipagala

Habari za jioni wanajukwaa. Naandaa vinywaji vya wageni siku ya Krismasi hapa Dodoma, na nataka kinywaji kikuu kiwe kokteli ya matunda iliyoganda rojo, ile ya kuanza na kijiko na kumalizia na mrija, siyo juisi yenye vipande vya barafu vinavyoelea juu. Embe na nanasi vipo sokoni kwa sasa. Pombe nimefikiria Konyagi, na kama inawezekana nipate pia kitu kimoja chenye mvinyo wa hapa kwetu, maana kuna wageni wanatoka Mwanza na Arusha.

Watu wazima ni 24: 16 wanakunywa, 8 hawatumii kilevi kabisa (wapo Waislamu na walokole). Watoto 12. Nina blenda moja ya nyumbani yenye jagi la lita moja na nusu, friza ya mfuniko wa juu na friji ya kawaida.

Naomba vipimo kamili. Kinachonitatiza ni kwamba maelekezo mengi yanasema "weka barafu kiasi, saga". Kiasi gani? Na kwa nini nyingine hutengana, povu juu na maji chini, na nyingine ikiachwa kwenye friza inakuwa gumu la kuvunja kwa nyundo? Tena nisije nikashinda jikoni siku nzima wageni wakiwa sebuleni.

Kaunta ya Makole

Mama Ipagala, karibu sana. Naanza na kanuni, ukiishika vipimo vitaeleweka vyenyewe.

Kuna vitu vitatu vinavutana humo ndani: maji, sukari na kilevi. Maji ndiyo yanayoganda. Sukari na kilevi huyazuia maji yasigande yote, na hapo ndipo rojo linapopatikana. Vikiwa vichache mno unapata jiwe. Kilevi kikizidi unapata kinywaji baridi tu ambacho hakijafika mezani kimeshakuwa maji. Kwa kinywaji kinachotoka kwenye blenda na kunywewa papo hapo, lenga kilevi asilimia 5 hadi 8 ya mchanganyiko mzima, na sukari asilimia 12 hadi 15 ukijumlisha na ile iliyomo ndani ya matunda yenyewe.

Jambo la pili, na hili ndilo watu wengi wanalikosea: gandisha tunda, usitegemee barafu. Barafu ikiyeyuka ni maji matupu na ladha inaondoka nayo. Tunda lililoganda likiyeyuka ni juisi.

Kipimo kimoja, kinachotoa kama lita mbili, yaani glasi 10 za mililita 200:

Nyama ya embe iliyogandishwa, gramu 700
Nanasi lililogandishwa, gramu 300
Shira, mililita 200
Maji ya ndimu, mililita 90 (ndimu 4 zenye maji)
Konyagi, mililita 300
Barafu, gramu 400
Chumvi, robo kijiko cha chai

Konyagi ina kilevi asilimia 35, kwa hiyo mililita 300 zina mililita 105 za kilevi. Ukigawa kwa karibu lita mbili unapata kama asilimia 5.3, na kila glasi inabeba toti moja ya mililita 30. Mtu akitaka kali zaidi usizidishe ndani ya blenda. Mmiminie nusu toti juu ya glasi yake.

Shira ni kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Pasha mpaka sukari iyeyuke yote, epua, acha ipoe kabisa kisha iingie friji. Usiweke sukari kavu kwenye blenda. Kwenye ubaridi haiyeyuki, inabaki chenga chini ya jagi na kokteli inakosa utamu wake wote. Shira ya moto nayo inayeyusha matunda kabla hujawasha mota.

Blenda ya nyumbani isipewe kipimo kizima. Gawa mara mbili, nusu kwa kila mzunguko. Mpangilio ni huu: vimiminika kwanza (shira, ndimu, Konyagi, chumvi), halafu matunda, barafu mwisho juu kabisa. Ukianza na barafu chini, visu vinakwama hapo hapo. Bonyeza na kuachia mara sita au saba mpaka vipande vikubwa vivunjike, ndipo uache izunguke sekunde 30 hadi 45. Usizidishe. Kusaga kwa muda mrefu kunaingiza hewa na joto, na hilo ndilo povu lako la juu.

Kuna wakati visu vinazunguka mbio lakini mzigo umetulia, kumetokea shimo la hewa katikati. Zima, chomoa waya, koroga kwa mwiko, ongeza vijiko vitatu vya juisi au vya maji ya ndimu na shira, washa tena. Usiongeze Konyagi kwa ajili ya kulainisha, utaharibu hesabu yote.

Onja vimiminika kabla ya kusaga. Viwe vitamu kupita kiasi na vikali kupita kiasi kwa ulimi wako, kwa sababu ulimi ukipoa unasikia utamu kidogo. Mchanganyiko unaoonekana uko sawa ukiwa wa vuguvugu utakuwa umepooza ukiganda.

Kuhusu embe: chukua dodo au bolibo lililoiva vizuri, laini, lenye harufu hadi kwenye kikonyo. Zile ndogo zenye nyuzi ni tamu kwa kunyonya, lakini nyuzi zinajifunga kwenye visu na kwenye mrija. Kama ndizo ulizonazo, saga nyama yake kwanza, pitisha kwenye chujio, gandisha ule uji kwenye trei ya barafu.

Fundi Majokofu

Mkuu Makole amesema vema. Naongeza upande wa friza, maana kokteli nyingi zinaharibikia huko kabla hata blenda haijaguswa.

Mama, usinunue matunda yote tarehe 24 asubuhi ukayatupia kwenye friza kwa pamoja. Kilo saba za matunda ya joto zinapandisha joto la friza nzima, na kitu kinachoganda polepole hufanya fuwele kubwa za barafu. Hizo ndizo zinazokwaruza ulimi. Anza tarehe 20 au 21, kilo mbili kwa siku. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tandaza kwenye sinia visigusane, masaa manne hadi sita, halafu hamishia kwenye makopo yenye mfuniko. Ukiyaweka kwenye kopo yakiwa mabichi unapata bonge moja, na bonge hilo ndilo litakaloua blenda yako.

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama haina kipimajoto, angalia aiskrimu: ikichoteka kirahisi kwa kijiko, friza yako haijafika huko.

Barafu sasa. Barafu ya kununua na kubeba kwenye jua la Dodoma inafika nyumbani imeloa, imeshaanza kuyeyuka, na hayo maji ya juu yake yanaingia moja kwa moja kwenye kokteli. Ndiyo maana mtu anapima "gramu 400" na bado inatoka nyepesi. Ikibidi ununue, irudishe friza angalau masaa matatu mpaka ikauke na vipande vishikane na kidole unapovigusa. Bonge lipasulie ndani ya taulo safi kwa mchi mpaka vipande viwe vidogo kuliko yai la kwale.

Na maji ya kutengenezea barafu: maji ya visima vya huku kwetu ni magumu, yana chumvichumvi. Chokaa iliyomo kwenye maji magumu inapunguza ukali wa ndimu, halafu mtu anaongeza ndimu bila kujua tatizo ni barafu. Tumia maji ya kunywa ya dumu. Kuchemsha kunaua vijidudu na kuacha utando mweupe kwenye sufuria, lakini ile ladha ya chumvi haiondoki.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa na haifunguliwi inabaki na baridi karibu siku mbili, ikiwa nusu siku moja. Nafasi zilizobaki wazi jaza chupa za maji, usiache hewa.

Zabibu za Hombolo

Mama Ipagala, kwa upande wa mvinyo: chukua mvinyo mtamu wa Dodoma, mwekundu au mweupe. Ule mkavu mwekundu usigandishe. Ubaridi unakoleza ule ukakasi wa maganda ya zabibu, na ukipungua utamu kinachobaki mdomoni ni uchungu tu. Huo mkavu mwachie mchoma nyama.

Kipimo kwa chupa moja ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 12:

Mvinyo mtamu, chupa nzima
Tikiti maji lililogandishwa bila mbegu, gramu 500
Shira, mililita 100
Maji ya ndimu, mililita 60

Inatoka kama lita 1.4, glasi 7 za mililita 200, kilevi karibu asilimia 6.5. Hakuna barafu kabisa humu, na isiwepo. Mvinyo wenyewe ndio barafu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mimina mvinyo kwenye bakuli pana la kina kifupi, sentimita mbili au tatu, funika, weka friza usiku kucha. Hautakuwa mgumu kama barafu ya maji kwa sababu ya kilevi, utakuwa wa kukwangua kwa uma. Kamwe usigandishe kwenye chupa. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9 na chupa inapasuka. Ukitaka kusaga, kwangua kwanza, weka shira na ndimu kwenye blenda, kisha tikiti, mvinyo uliokwanguliwa mwisho. Sekunde 20 zinatosha, zikizidi unayeyusha kazi ya usiku mzima.

Uzuri wa hii ni kwamba umeme ukikatika bado unayo. Koroga mvinyo na shira na ndimu pamoja kabla ya kugandisha, tikiti lisage ukiwa na umeme uchanganye humo humo, halafu kwangua kwa uma kila baada ya saa moja mara nne. Blenda haihitajiki siku ya sherehe.

Zabibu mbichi za kupambia mwezi wa 12 ni za kubahatisha. Mavuno yetu makubwa ni kuanzia mwezi wa 2 na tena kuanzia mwezi wa 8. Mwenye akiba ya mwezi wa 8 kwenye friza aitumie sasa: punje nzima zilizoganda zinapoza glasi bila kuongeza maji. Kwa watoto zikate katikati kwa urefu, punje nzima iliyoganda ni ngumu na inakaba koo. Na usizisage na mbegu zake, mbegu za zabibu zikivunjika zinatoa uchungu usiotoka.

Jiko la Nkuhungu

Naomba nisemee wale 20 wasiokunywa, maana naona wamesahaulika na wao ndio wengi.

Kwanza heshima ya vyombo. Anza kusaga vyao kabla ya Konyagi haijafunguliwa. Blenda safi, kibao safi, mwiko safi, majagi yao peke yake yenye rangi tofauti, na meza yao ikae mbali na ile nyingine. Andika kwenye karatasi kubwa "HAINA KILEVI" na "INA KILEVI". Rojo la embe lenye Konyagi na lisilo nayo vinafanana kwa macho, na ubaridi na utamu vinaficha kilevi hata puani. Mtoto wa miaka sita hawezi kutofautisha. Huyo anayemimina awe mtu mzima mmoja wakati wote, siyo kila anayepita.

Pili, usiwape kokteli iliyotolewa pombe ikabaki na pengo. Weka kitu chenye nguvu yake mahali pa Konyagi, na hapa Dodoma tumejaliwa viwili.

Ukwaju: gramu 250 za ukwaju kwenye mililita 750 za maji ya vuguvugu, nusu saa, kamua kwa mkono, chuja mara mbili. Unapata zaidi ya nusu lita ya juisi nzito. Tumia mililita 300 kwa kila kipimo cha Kaunta ya Makole badala ya Konyagi, na punguza ndimu iwe mililita 45, kwani ukwaju una ukali wake.

Ubuyu: unga wa ubuyu gramu 60 kwa lita moja ya maji, piga kwa mchapo, chuja mabonge. Ubuyu una sifa ambayo ukwaju hauna, unashika maji. Rojo lenye ubuyu halitengani upesi, linasimama kwenye glasi. Kwa watoto ndio ningechagua, mililita 300 vilevile, ndimu 45.

Bila kilevi mchanganyiko unaganda haraka na kwa ugumu zaidi. Ukitoka kwenye blenda hakuna shida, ila usiuache friza zaidi ya saa moja bila kuukoroga.

Mama Ipagala

Mmenifungua macho jamani, ahsanteni. Nimebakiwa na mambo matatu. Nikijumlisha yote ninunue kiasi gani? Je, naweza kusaga usiku wa tarehe 24 nikaweka friza? Na kuna mtu anakodisha ile mashine ya kuzungusha juisi ya barafu, ina faida kuliko blenda?

Kaunta ya Makole

Hesabu kwa glasi mbili kila mtu. Wanaokunywa glasi 32: fanya vipimo viwili vya embe na Konyagi (glasi 20) na chupa mbili za mvinyo (glasi 14). Wasiokunywa: watu wazima 8 kwa glasi za mililita 200 na watoto 12 kwa vikombe vya mililita 150, jumla kama lita 6.8, fanya vipimo vinne. Kwa hiyo:

Embe kilo 7 zikiwa nzima, utapata nyama kilo 4.2 hivi. Mananasi matatu ya wastani. Tikiti moja la kilo mbili na nusu. Ndimu 25. Sukari gramu 800 na maji vikombe vinne, inatoka shira ya lita moja na nusu kasoro kidogo, inatosha yote. Konyagi chupa moja ya mililita 750, inabaki mililita 150 za kuongezea kwa anayetaka kali. Mvinyo chupa mbili. Juisi ya ukwaju na ubuyu kwa pamoja lita 1.2. Barafu ya kusaga kilo 2.4, tengeneza kilo tano, ya ziada ni ya kupozea majagi.

Chupa zikiwa hazina stempu ya TRA kwenye kizibo, au kizibo kimelegea, ziache dukani. Na asije mtu akakushauri pombe ya kupimiwa kwenye kidumu kwa sababu "itafichwa na embe". Itafichwa ladha, siyo madhara.

Kusaga usiku: hapana kwa ile ya embe. Kwa kilevi cha asilimia 5 ikikaa nyuzi 18 chini ya sifuri hadi asubuhi inakuwa bonge. Siyo kwamba imeharibika, unaitoa dakika 20, unaikata vipande, unaisaga tena, lakini umefanya kazi mara mbili na blenda inaumia. Saa mbili kabla ya wageni inawezekana, kwenye kopo pana, ukikwangua kwa uma kila nusu saa.

Kinachookoa muda ni kufungasha, siyo kusaga mapema. Usiku wa tarehe 24 pima pakiti za mzunguko mmoja mmoja: embe gramu 350 na nanasi gramu 150 kwenye kopo moja, rudisha friza. Unahitaji makopo 12, manne ya Konyagi na manane ya wasiokunywa. Vimiminika changanya kwenye chupa na uweke friji: kwa vipimo viwili vya Konyagi ni shira 400, ndimu 180, Konyagi 600, jumla mililita 1,180. Siku yenyewe ni kumimina mililita 295, kopo moja la matunda, vipande 8 hadi 10 vya barafu ya trei ambavyo ni kama gramu 200, na kuwasha. Kwa wasiokunywa chupa yao ni shira 800, ndimu 180, ukwaju au ubuyu 1,200, na unamimina 272 kwa mzunguko. Hiyo chupa iandikwe kwa kalamu isiyofutika.

Chumvi usiisahau kwenye chupa zote mbili. Haifanyi kinywaji kiwe cha chumvi, inatoa ladha ya embe mbele na kupunguza ule uchungu wa Konyagi.

Mizunguko ni 12, na ya mvinyo mara nne kwa kuwa lita 1.4 haziingii salama kwenye jagi la lita moja na nusu. Washa dakika moja, pumzisha dakika tatu. Ukisikia harufu ya mpira kuungua, zima na uache robo saa. Kinachokufa kwanza mara nyingi siyo mota, ni kile kipande cha meno kinachounganisha jagi na mota. Kinalika ukisaga barafu kavu bila vimiminika. Kipande hicho kinauzwa peke yake kwa mafundi wa vyombo vya umeme, nunua cha akiba kama blenda yako ina umri.

Mashine ya kukodi: ina faida moja kubwa, inashikilia rojo masaa yote bila wewe kuwepo. Lakini inataka sukari isiyopungua asilimia 12 au 13. Ukiweka juisi yenye sukari kidogo, barafu inaganda kwenye silinda na kuzuia mzunguko, na kilevi kikizidi haigandi kabisa. Mashine ya kwanza ya margarita (kokteli ya tekila na ndimu) ya kugandisha, aliyoibuni Mariano Martinez kule Dallas mwaka 1971, ilitokana na mashine ya aiskrimu laini, na ugumu ulikuwa huu huu: kinywaji chenye pombe hakigandi mpaka sukari na maji vipangwe upya. Sasa hivi imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Ukikodi, kodi kwa ajili ya wasiokunywa, watoto ndio watakaorudi kila dakika kumi. Matunda yasiwe vipande, yasagwe na kuchujwa, na mashine iwashwe dakika 40 hadi saa nzima kabla.

Area C

Habari wakuu, naomba kuingilia. Je, mtu akitaka kuweka tui la nazi kwenye hiyo ya nanasi? Ninalokamua nyumbani linatoa chembechembe nyeupe kama mafuta yaliyoganda.

Jiko la Nkuhungu

Area C, ni mafuta kweli. Tui likikutana na barafu ghafla mafuta yake yanaganda kabla hayajachanganyika. Saga tui zito na shira pekee sekunde 20 kwanza, vyote vikiwa vya kawaida siyo vya friji, halafu ndio uweke nanasi na barafu. Kwa nusu ya kipimo weka tui zito mililita 120, toa embe yote, nanasi liwe gramu 500. Tui la kukamua litumike siku hiyo hiyo, kwa joto la huku linachacha mapema.

Kinywaji hicho ndicho piña colada cha Puerto Rico, na kule mwaka 1978 kilitangazwa kuwa kinywaji rasmi. Kwao ni ramu, Konyagi inafaa ila ongeza kipande cha tangawizi ili kuwe na harufu.

Usibadilishe tui kwa maziwa ya ng'ombe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, ukiacha dakika chache linakuwa chungu.

Fundi Majokofu

Mama Ipagala, nyongeza ya mezani. Joto la mchana mwezi huu linafika nyuzi 30 na zaidi, glasi ya moto itakula rojo lako. Glasi zipozwe friza nusu saa. Majagi nayo.

Ili jagi lidumu mezani, liweke ndani ya beseni lenye barafu na chumvi ya mawe, sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi kwa uzito. Chumvi inafanya barafu iyeyuke huku ikishuka baridi chini ya sifuri sana, hadi karibu nyuzi 20 chini. Jagi liwe na mfuniko, maji ya beseni yasizidi nusu ya urefu wake, na aliyemimina afute kitako kwa kitambaa kabla ya kuinamisha juu ya glasi, vinginevyo tone la maji ya chumvi linaingia kwa mgeni. Usiguse mchanganyiko huo kwa mikono mitupu kwa muda, unachoma ngozi. Mbinu hiyo hiyo inagandisha hata bila umeme: jagi la bati badala ya plastiki, unakwangua pembeni kila dakika kumi, ndani ya saa moja hivi una rojo.

Mama Ipagala

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali dogo la mwisho, ikibaki?

Kaunta ya Makole

Ya embe isiyo na kilevi mimina kwenye trei ya barafu, vipande vyake tumia badala ya barafu kwenye juisi ya kesho yake. Ya Konyagi weka kwenye kopo lenye mfuniko, andika "INA KILEVI" na tarehe, iweke chini kabisa ya friza chini ya nyama, mahali mtoto anayetafuta aiskrimu hafiki. Itumike ndani ya wiki moja, kwa kuikata na kuisaga upya na kijiko cha ndimu mbichi, maana harufu ya ndimu ndiyo inayopotea mapema. Iliyokaa mezani ikayeyuka, ikawa nje zaidi ya masaa mawili, hasa yenye tui, usiirudishe friza. Mwaga.